Njia ya mkato ya kutafuta imegoma kwenye Emacs? Anzia hapa

Jumamosi nyingi huwa nakaa na watu wachache wanaoandika kwa Emacs (programu ya kuandika na kuhariri maandishi), watafsiri na waandishi wa programu, katika chumba kimoja upande wa Ngara, Nairobi. Stima ikipotea tunaendelea hadi betri ya mwisho izime. Swali linalorudi kila mara ni moja: "Nimejiandikia njia ya mkato ya kutafuta, mbona imekaa tu?" Baada ya kulisikia mara nyingi nimegundua makosa yenyewe ni machache, na ni yaleyale. Nimeyapanga kwa dalili, na chini ya kila dalili nimeanza na sababu ninayokutana nayo zaidi.

Mfano tutakaoutumia ni huu. Unachukua neno lililo chini ya kielekezi, au maneno uliyochagua, na kuyatafuta kwenye Wikipedia ya Kiswahili:

```
(require 'url-util)

(defun tafuta-mtandaoni (neno)
  "Tafuta NENO kwenye Wikipedia ya Kiswahili."
  (interactive
   (list (read-string "Tafuta: "
           (if (use-region-p)
               (buffer-substring-no-properties
                (region-beginning) (region-end))
             (thing-at-point 'word t)))))
  (browse-url
   (concat "https://sw.wikipedia.org/w/index.php?search="
           (url-hexify-string neno))))

(global-set-key (kbd "C-c w") #'tafuta-mtandaoni)
```

C ni Ctrl, M ni Alt. Kwa hiyo C-c w ni Ctrl na c pamoja, unaachilia, kisha w.

Kabla ya kugusa chochote, pima hivi: bonyeza M-x, andika `tafuta-mtandaoni`, piga Enter. Ikifanya kazi, amri yako ni nzima na ugonjwa uko kwenye vitufe. Isipofanya, achana na vitufe kwanza. Hata ukivibadilisha mara kumi, mgonjwa si yeye. Nimeona watu wakimaliza asubuhi nzima wakibadilisha C-c w kuwa C-c t, kuwa F6, kuwa F7, kumbe mabano moja yalikosekana juu huko.

Dalili: unabonyeza, kimya, au chini panaandikwa "C-c w is undefined"

Sababu inayoongoza kwa mbali: Emacs haijausoma msimbo wako. Kuhifadhi faili hakutoshi. Weka kielekezi mara tu baada ya bano la mwisho la `defun`, bonyeza C-x C-e, kisha rudia kwa mstari wa `global-set-key`. Wengi hufanya la kwanza wakasahau la pili. Au tumia M-x `eval-buffer` isome faili nzima.

Ikiwa ukifunga Emacs na kuifungua tena bado ni kimya, huenda unahariri faili ambayo Emacs haiisomi. Inatafuta `~/.emacs` kwanza, kisha `~/.emacs.d/init.el`, na tangu toleo la 27 hufika hadi `~/.config/emacs/init.el`. Ikishakuta ya mbele, za nyuma haiziangalii. Kijana mmoja alihamisha folda yake ya nyumbani kutoka laptopu ya zamani, ikaja na `~/.emacs` ya mistari miwili aliyokwisha kuisahau. Wiki nzima alikuwa akirekebisha `init.el` isiyosomwa na yeyote. Bonyeza C-h v, andika `user-init-file`, nawe utaonyeshwa faili inayosomwa kweli.

Ya tatu: kuna kosa juu zaidi kwenye faili hiyohiyo. Emacs ikijikwaa mstari wa 12, wa 13 hadi mwisho hausomwi, na njia yako ya mkato iko mstari wa 90. Fungua C-h e usome ujumbe wa mwanzo, au anzisha kwa `emacs --debug-init`. Ukiona "End of file during parsing", mabano hayajafungwa. M-x `check-parens` itakupeleka hadi penye tatizo.

Ya nne ni modi, yaani hali ambayo Emacs hutumia kwa kila aina ya faili. Vitufe vya modi uliyomo vina nguvu kuliko vile ulivyoweka kwa jumla. Ukichagua C-c C-s, ndani ya Org (modi ya madokezo na ratiba) itakuletea kupanga tarehe, na ndani ya Python itataka kutuma matini kwa mkalimani wa Python. Bonyeza C-h k kisha vitufe vyako: Emacs itakutajia ni amri gani inayoitwa mahali hapo. Dawa ni kuheshimu desturi ya Emacs yenyewe: C-c ikifuatwa na herufi moja tupu, pamoja na F5 hadi F9, vimeachwa kwa mtumiaji. Sehemu nyingine zote una jirani.

Na mara chache vitufe haviifikii Emacs kabisa. Terminali nyingi hazijui kupeleka `C-.`, yaani Ctrl na nukta. Na ukiwa ndani ya tmux (programu ya kugawa terminali), C-b huliwa na tmux yenyewe. Ukibonyeza C-h k kisha vitufe na Emacs ikabaki inasubiri kana kwamba hujabonyeza kitu, tatizo liko nje ya Emacs. Chagua vitufe vingine uendelee na kazi.

Ukipata "Key sequence C-x s w starts with non-prefix key C-x s", ni kwamba umejaribu kujenga chumba juu ya mlango. C-x s tayari ni amri kamili, ya kuhifadhi mabafa (maandishi uliyoyafungua ndani ya Emacs). Haiwezi kuwa mwanzo wa mfuatano mrefu zaidi.

Dalili: inalalamika mara tu unapoiita

Hapa ujumbe wenyewe ndio jibu, ila watu huufuta kabla ya kuusoma.

"Wrong type argument: commandp, tafuta-mtandaoni" maana yake umesahau `(interactive)`. Bila hiyo Emacs haiitambui kama amri, na hata M-x haitaionyesha. "Symbol's value as variable is void: tafuta-mtandaoni" maana yake alama ya `#'` au `'` imepotea mbele ya jina kwenye `global-set-key`. "Symbol's function definition is void" ina watoto wawili: ama umekosea tahajia ya jina, ama unatumia kitu ambacho Emacs yako haina. Mfano wa kila siku ni `keymap-global-set`, iliyoingia toleo la 29, mwaka 2023. Ubuntu 22.04 inakuja na Emacs 27.1. Ukinakili mfano mpya ukauweka humo, utagoma, na wala si kosa lako. Rudi kwa `global-set-key` pamoja na `kbd`. Bado vinafanya kazi katika matoleo mapya pia.

"Wrong type argument: stringp, nil" maana yake kuna mahali palipotaka maandishi pakapewa `nil`, yaani hewa. Kielekezi kikiwa mahali patupu, hakuna neno, na unakuwa umetuma hewa.

Dalili: ukurasa unafunguka, lakini umetafuta kitu kingine

Angalia kwanza kama kuna eneo lililobaki limechaguliwa tangu dakika kumi zilizopita. Amri inapendelea eneo kuliko neno. C-g moja inalizima.

Ikiwa neno limekatwa nusu, karibu kila mara ni ritifaa, ile alama ya '. Kwenye modi ya maandishi ya kawaida, Emacs huihesabu ritifaa nyoofu kama sehemu ya neno, kwa hiyo ng'ombe hubaki ng'ombe. Lakini ndani ya faili ya Python au bafa isiyo na modi maalumu, ritifaa ni ukuta: kielekezi kikiwa upande mmoja unapata "ng", upande wa pili unapata "ombe". Aliyeandika kanuni hizo hakuwa akifikiria ng'ambo wala king'ora. Jitengenezee kipimo chako cha neno:

```
(defun neno-hapa ()
  (save-excursion
    (skip-chars-backward "a-zA-Z'’")
    (let ((mwanzo (point)))
      (skip-chars-forward "a-zA-Z'’")
      (buffer-substring-no-properties mwanzo (point)))))
```

Kisha weka `(neno-hapa)` badala ya `(thing-at-point 'word t)`. Ina dosari moja: neno likiwa ndani ya alama za nukuu moja, nukuu zitakuja nalo. Unazifuta tu kwenye kidirisha cha "Tafuta:". Naweza kuishi na hilo.

Utafutaji ukiishia katikati, mfano uliandika "haki & wajibu" ikatafutwa "haki" peke yake, umeunganisha maneno kwenye anwani bila kuyapitisha `url-hexify-string`. Alama ya & kwenye anwani huanzisha kipengele kipya, kwa hiyo yaliyo nyuma yake yanapotea. Na ikiwa ulijenga anwani kwa `format` badala ya `concat` ukaona "Invalid format operation", anwani uliyonakili ina alama za asilimia ndani yake, kama %2C. `format` inazichukulia kuwa maagizo yake. Ziandike mara mbili, %%2C, au rudi kwa `concat`.

*Acha hapa kwanza.* Amri hii hutoa maandishi kwenye kompyuta yako na kuyapeleka kwa mwenye tovuti. Mtafsiri mmoja alikuwa na toleo lisilo na `read-string`. Alikuwa amechagua aya nzima ya mkataba wa mteja, yenye majina na nambari za vitambulisho, akabonyeza vitufe akidhani anatafuta neno moja. Aya yote ikaenda. Ndiyo sababu mfano wangu hukuonyesha maandishi kwanza na kusubiri Enter. Likikutokea, kufuta historia ya kivinjari hakurudishi kitu. Mwambie mteja, au anayesimamia data kazini kwako, siku hiyohiyo. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na uamuzi wa hatua inayofuata si wako peke yako.

Dalili: neno liko mbele ya macho yako, Emacs inasema halipo

Hii ndiyo inayochosha watu zaidi, na nusu ya kisa ni Kiswahili chenyewe.

Sababu nyepesi kwanza. `search-forward` na `re-search-forward` huanza pale kielekezi kilipo na kwenda mbele tu. Neno likiwa juu, utaambiwa "Search failed". Ndani ya amri yako anza na `(goto-char (point-min))`, ukiizungushia `save-excursion` ili kielekezi kirudi kilipokuwa.

Kisha ritifaa tena, safari hii kwa sura nyingine. Maandishi yaliyotoka Word huja na ritifaa iliyopinda, ’, nawe kwenye kibodi unapiga nyoofu, '. Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa Emacs ni herufi mbili tofauti kama b na d. Ukiwa ndani ya C-s, bonyeza M-s kisha ' na utafutaji utaanza kuzichukua zote. Ukitaka iwe hivyo daima:

```
(setq search-default-mode #'char-fold-to-regexp)
```

Kumbuka inatawala C-s tu. Amri ulizoandika mwenyewe kwa `re-search-forward` hazijui habari hiyo. Ndani yake andika `['’]` penye ritifaa.

Sasa viambishi. Mifano mingi ya njia za mkato za kutafuta imeandikwa kwa Kiingereza, na hutafuta neno zima lenye mipaka pande zote mbili. Ukitafuta "soma" kwa M-s w, ambayo ni ya maneno mazima, hutapata anasoma, walisoma wala tutasoma. Emacs haijakosea, ni wewe uliyeuliza swali la lugha nyingine. Kiswahili hutafutwa kwa mzizi:

```
(defun tafuta-mzizi (mzizi)
  "Orodhesha mistari yote yenye MZIZI."
  (interactive "sMzizi: ")
  (occur (concat "\\<[a-z'’]*"
                 (regexp-quote mzizi)
                 "[a-z'’]*")))
```

Mpe "som" na atakuletea anasoma, msomaji, masomo, wasomi. Atakuletea na Wasomali pia, nawe utacheka. Ukitaka kitenzi tu, taja nafsi na wakati:

```
"\\<\\(?:ni\\|u\\|a\\|tu\\|m\\|wa\\)\\(?:na\\|li\\|ta\\|me\\)som"
```

Bado anayesoma na hawakusoma watakukwepa, kwa kuwa kirejeshi na ukanushi vina mpangilio wao. Sijawahi kuandika ruwaza (regex) moja inayokamata kitenzi cha Kiswahili katika hali zake zote, na niliowaona wakijaribu waliishia na mstari usiosomeka hata na wao wenyewe. Mzizi mpana pamoja na jicho la binadamu hutosha.

Mikwaju ya nyuma ndiyo inayofuata. Ndani ya msimbo wa Lisp (lugha ya mipangilio ya Emacs) kila `\` huandikwa mara mbili. Kwenye kidirisha cha C-M-s huandikwa mara moja. Ukinakili kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila kubadilisha, hutapata kitu, na Emacs haitakuonya, kwa sababu ruwaza yako bado ni halali. Mabano ya kundi na alama ya "au" nayo hutaka mkwaju kwenye Emacs, `\(` na `\|`, ilhali kwenye JavaScript na ripgrep (programu ya kutafuta maandishi ndani ya faili) hayataki. Fungua M-x `re-builder`: unaandika ruwaza na maneno yanayopatikana yanapakwa rangi papo hapo. Dakika tano humo ni bora kuliko saa ya kukisia.

Upande wa nukta: kutafuta "1.500" kama ruwaza kutakuletea hata "1x500". Ndiyo kazi ya `regexp-quote` kwenye mfano hapo juu. Usiiondoe.

Mbili za mwisho hutokea mara chache. Bafa ikiwa imebanwa, yaani unaonyeshwa kipande tu, C-x n w huirudisha yote. Na ikiwa unatafuta kwa ripgrep, yenyewe huruka faili zilizofichwa na zile zilizotajwa kwenye `.gitignore`, faili yako inaweza kuwa humo.

Dalili: kivinjari hakifunguki

Kwenye Linux na WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows) utaona "No usable browser found", au kimya. Iambie Emacs itumie nini kupitia `browse-url-browser-function`. Ukiwa kwenye seva ya mbali kwa SSH, hakuna kivinjari cha kufungua huko. Tumia kile cha ndani ya Emacs, kiitwacho EWW:

```
(setq browse-url-browser-function #'eww-browse-url)
(setq shr-inhibit-images t)
```

Mstari wa pili huzuia picha. Mimi huuweka hata nikiwa na kivinjari kizima karibu, mwisho wa mwezi bando likiwa linapumulia mashine. EWW haiendeshi JavaScript, kwa hiyo tovuti zinazoitegemea zitafunguka tupu. Ikiwa ni kompyuta ya kazini na hakuna kinachofunguka isipokuwa tovuti za ofisi, huo ni uzio uliowekwa makusudi. Muulize mtu wa mitambo, usiuruke.

Dalili: Emacs inaganda unapotafuta kwenye folda nzima

Bonyeza C-g. Kama ni `rgrep` (amri ya Emacs ya kutafuta kwenye folda nzima) inayoendelea nyuma, M-x `kill-grep`. Ikigoma kabisa kwenye Linux, fungua terminali nyingine uandike `pkill -USR2 emacs`: badala ya kuuawa, Emacs huacha ilichokuwa ikifanya na kukuonyesha ilikokwama. Kazi ambayo hukuihifadhi inabaki salama.

Kwa kawaida umeanzia juu mno, kwenye folda ya nyumbani, au mradi una `node_modules`, folda kubwa ya vifurushi vya JavaScript:

```
(with-eval-after-load 'grep
  (add-to-list 'grep-find-ignored-directories "node_modules"))
```

Kwenye WSL, faili zilizo chini ya `/mnt/c` husomwa polepole sana. Zihamishie upande wa Linux. Kwenye Windows tupu, ukiona "FIND: Parameter format not correct", `rgrep` imeita `find` ya Windows, ambayo ni programu nyingine kabisa yenye jina hilo. Sakinisha ya GNU na uelekeze `find-program` kwake. Kwenye Mac, rg (ndiyo ripgrep) inayofanya kazi terminalini huenda isipatikane na Emacs ya dirisha, kwa sababu Emacs hiyo hairithi PATH (orodha ya folda za programu) ya ganda lako; kifurushi cha `exec-path-from-shell` kiliandikwa kwa ajili hiyo.

*Acha kabisa* ikiwa utafutaji unakwama kwenye faili zilezile kila mara, diski inatoa sauti ya kugonga, au `dmesg` (amri ya kuonyesha ujumbe wa mfumo) inaonyesha "I/O error". Hilo si suala la Emacs tena. Laptopu nyingi tunazonunua mjini zimeshafanya kazi miaka mingi kwa mtu mwingine, na diski yake inaweza kuwa inakata roho. Usirudie utafutaji kuona kama itapona, kwani kila usomaji unaiumiza zaidi. Nakili kazi muhimu kwanza, zima, mpelekee fundi anayeshughulika na diski. Ikiwa hata kunakili kunakwama, usijaribu mara ya pili; izime na uipeleke ilivyo.

Dalili: jana ilifanya kazi, leo haifanyi

Anzisha `emacs -Q`, isiyosoma mipangilio yoyote, kisha weka humo msimbo wako peke yake. Ukifanya kazi, mgomvi ni kifurushi ulichosasisha au mstari mwingine wa faili yako. Weka nusu ya faili kwenye maoni, jaribu. Kisha nusu ya nusu. Mistari 400 huisha kwa majaribio tisa hivi.

Usifute `~/.emacs.d` kwa hasira. Ibadilishe jina. Usiendeshe Emacs kwa sudo eti ruhusa zimegoma. Utajikuta na faili za root ndani ya folda yako na matatizo mawili badala ya moja. Na ukipewa msimbo wa kubandika ambao huelewi unafanya nini, hasa wenye `shell-command` au `delete-file` ndani, mwite anayejua Lisp ausome kabla hujabonyeza C-x C-e. Emacs haiulizi mara mbili.